MUDA WA MTONI USIPOTEE BURE
Neno juu ya vyeti vya manahodha na kalamu za makarani

Kwa Wanachama wote, na kwa makarani wenzetu mlio Ifakara, Mahenge, Malinyi, Mlimba na kila ofisi ya bonde hili la Kilombero:

Gazeti hili limezoea kunena juu ya mishahara, nyumba, likizo na kupandishwa vyeo vya makarani. Leo twaomba nafasi tunene juu ya watumishi wenzetu wasiokaa mezani, nao ni mabaharia wa vivuko. Shauri lao ni hili. Mtu aliyetumika miaka mingi katika pantoni ya mtoni, akitaka kupandishiwa cheti chake apate kuongoza chombo cha tani nyingi zaidi baharini, huona ya kwamba miaka ile haihesabiwi kuwa ni utumishi wa baharini. Sisi twasema kanuni hiyo ni ya haki katika asili yake, lakini isipofuatwa na jambo jingine huzaa dhuluma. Tutaonyesha haki iko wapi, na dhuluma iko wapi, na ni kazi gani inayotupasa sisi wenye kushika kalamu.

Huenda yuko asemaye: "Kilombero pana daraja, habari za pantoni zina faida gani tena?" Ni kweli daraja lipo. Lilifunguliwa mwaka 2018, urefu wake ni mita 384, nalo limeunganisha Ifakara na upande wa Lupiro na Mahenge. Wala sisi hatulalamiki juu ya daraja. Mtu aliyewahi kungoja ng'ambo na mgonjwa wakati wa masika hawezi kulilalamikia. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka na kuzama mtoni kikiwa na watu na magari, na tangu siku ile hapana mtu wa bonde hili aliyehitaji kufundishwa faida ya daraja. Walakini daraja likifunguliwa, kivuko hufungwa. Na kivuko kikifungwa, maswali yote huwa juu ya chombo: kitapelekwa wapi, injini zake ni nzima au mbovu, nani atakipokea, nani atatia saini. Chuma huandikiwa hati. Je, mtu aliyekiongoza chuma kile, miaka yake imeandikwa wapi?

Tena jambo hili si la Kilombero peke yake. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na watu wa kusini wakaacha kungoja pantoni. Mwezi wa Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo na Busisi katika Ziwa Viktoria, ambalo urefu wake ni kilomita 3 na zaidi kidogo. Na bado pantoni zavusha watu kati ya Magogoni na Kigamboni, kati ya Pangani na Bweni, na katika visiwa vya Ukerewe. Nchi inayojenga madaraja yafanya vema. Lakini kila lijengwapo daraja, wako watu wa usukani wanaobaki ukingoni na ujuzi mikononi, pasipo karatasi ya kuuthibitisha. Kwa hiyo swali la Kilombero ni swali la nchi nzima.

Sasa tuitazame kanuni yenyewe, kwa kuwa si haki kuishtaki kanuni kabla ya kuisoma. Mwaka 1978 mataifa yalikutana London wakafanya mapatano juu ya mafunzo ya mabaharia, vyeti vyao, na jinsi ya kushika zamu. Mapatano hayo yalitengenezwa upya mwaka 1995, na mara nyingine mwaka 2010 mjini Manila. Mabaharia huyaita kwa herufi zake, STCW. Tanzania imo katika mapatano hayo. Kwa upande wa Bara vyeti hutolewa na TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018 na kupokea mambo ya vyombo vya majini yaliyokuwa mikononi mwa SUMATRA. Na Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri wa bahari.

Kwa watu wa usukani mapatano hayo yana ngazi yenye vipandio vitatu. Cha kwanza ni meli zisizofika tani 500. Cha pili ni meli za tani 500 hata 3,000. Cha tatu ni meli za tani 3,000 na kuendelea. Atakaye kuwa ofisa wa zamu katika meli ya tani 500 au zaidi hana budi awe ametimiza umri wa miaka 18, awe ametumika baharini muda usiopungua miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyokubaliwa, pamoja na kitabu cha mazoezi kilichojazwa na kutiwa saini chomboni. Asipopita njia hiyo, muda wake ni miezi 36. Na katika muda huo miezi 6 iwe ya kushika zamu katika chumba cha usukani chini ya macho ya nahodha au ofisa mwenye cheti. Atakaye kuwa nahodha wa meli ya tani 3,000 au zaidi, na awe ametumika miezi 36 hali ni ofisa wa zamu; lakini kama alikuwa ofisa mkuu kwa miezi 12, basi 24 yatosha. Kwa vyombo visivyofika tani 500 viendavyo kandokando ya pwani, masharti ni mepesi kidogo: ofisa wa zamu atumike katika kazi za sitaha miezi 36, au apate mafunzo maalum pamoja na muda wa kutosha baharini, na nahodha awe na umri usiopungua miaka 20 na miezi 12 ya uofisa wa zamu. Zaidi ya hayo yote kuna masomo na mitihani, na kwetu masomo hayo hutolewa katika Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, kilichoanza mafunzo ya mabaharia mwaka 1978.

Hapa yafaa tueleze neno "tani", kwa maana linawapotosha wengi. Tani za cheti si uzito wa meli wala uzito wa shehena. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli. Asili yake ni mapipa ya mvinyo ya Ulaya, ambayo wafanya biashara waliyahesabu ili kujua meli yaweza kuchukua mangapi. Baadaye tani moja ikawa nafasi ya futi za ujazo 100. Mapatano ya mwaka 1969, yaliyoanza kutumika mwaka 1982, yakaweka hesabu moja kwa mataifa yote, ambayo kwayo nafasi ya meli hupimwa kwa mita za ujazo na kugeuzwa kuwa namba. Basi mtu akisema "cheti changu ni cha tani 500," maana yake si kwamba anaweza kubeba magunia ya tani 500. Maana yake ni kwamba ameaminiwa chombo cha ukubwa huo na si zaidi.

Na kwa nini ukubwa uwe mpaka wa kuaminiwa? Hapa ndipo kanuni ina haki, nasi hatutaki mtu atuelewe vibaya. Chombo kikubwa hakisimami kwa kuzimwa injini. Huendelea kwenda kwa nguvu ya mwendo wake, na upepo hupiga ubavu wake mpana na kukisukuma kando. Na nahodha aliyezoea chombo kidogo atatoa amri ile ile kwa wakati ule ule, naye atakuwa amechelewa. Mambo haya hayafundishwi kwa kitabu peke yake. Hufundishwa kwa muda, mtu akisimama kando ya mwenye kujua, usiku na mchana, mpaka mkono wake upate mazoea. Ndiyo maana mapatano hayaulizi tu, "Umesoma nini?" Huuliza, "Umetumika muda gani, katika chombo gani, katika cheo gani, na nani amekushuhudia?"

Anayedhani ya kwamba maswali hayo ni usumbufu wa maofisi, na akumbuke tarehe 20 Septemba 2018. Siku ile MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu 228 wakafa, na chombo kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua abiria 101. Rais wa wakati ule, Hayati John Magufuli, aliliambia taifa kwamba nahodha hakuwamo chomboni, bali usukani aliachiwa mtu asiye na mafunzo ya kutosha. Ikiwa kuna mtu katika Chama chetu atakayesimama kutaka masharti ya utumishi yaondolewe ili wenzetu wapate vyeti upesi, sisi tutakuwa wa kwanza kumpinga. Cheti cha nahodha ni ahadi kwa mama aliyepakata mtoto, ambaye hajui tani wala zamu, naye amekaa juu ya mzigo wake akiamini tu. Ahadi hiyo haipunguzwi bei.

Basi dhuluma iko wapi? Iko hapa. Mapatano yanapotaja meli za baharini, huziacha nje zile ziendazo katika maji ya ndani ya nchi peke yake, au katika maji yaliyokingwa na karibu yake. Kwa tafsiri hiyo mto ni maji ya ndani, na ziwa ni maji ya ndani. Basi baharia wa pantoni ya Kilombero na baharia wa MV Victoria, meli iliyoanza kazi katika Ziwa Viktoria mwaka 1961 na yenye tani zaidi ya 1,500, wote wawili husimama nje ya mlango mmoja, ijapokuwa mmoja alivuka mto na mwingine alikesha usiku kucha katika ziwa lenye tufani. Maji ya Kilombero huungana na Luwegu yakawa Rufiji, na Rufiji hufika Bahari ya Hindi. Maji hufika, utumishi wa mtu wa maji haufiki.

Na lililo gumu zaidi ni kwamba mlango wa pili nao haufunguki kwa urahisi. Mtu huyu akisema, "Vema, nitaanza upya baharini," huambiwa atafute nafasi katika meli apate miezi yake. Akienda kuomba nafasi katika meli kubwa, huulizwa kama anacho cheti cha meli kubwa. Hana cheti kwa kuwa hana muda. Hana muda kwa kuwa hana meli. Hana meli kwa kuwa hana cheti. Hii si ngazi tena, bali ni kisima kisicho na kamba. Hata vijana waliomaliza masomo ya ubaharia huhangaika kupata nafasi ya mazoezi katika meli. Sembuse mtu wa makamo aliyetoka Ifakara, mwenye watoto shuleni, asiyejulikana na mwenye meli hata mmoja huko pwani.

Twajua yatakayojibiwa. Watasema: "Mto si bahari." Nasi twakubali. Mtoni mtu hapimi mahali alipo kwa nyota wala kwa ramani ya bahari. Hakutani usiku na taa za meli kumi. Haujui msukosuko wa kusi nje ya Mafia. Lakini mwenye kusema hivyo na akubali na upande wa pili. Mtu wa pantoni ya Kilombero alijua mkondo unaobadilika kila mwezi. Alijua fungu la mchanga lililokuwa kulia mwaka jana na mwaka huu liko kushoto. Alijua gogo lililoletwa na mafuriko ya masika, na kiboko azukaye mbele ya chombo. Alijua kupanga lori la mpunga na basi la abiria ili chombo kisilale upande, na hilo la kusawazisha mzigo ndilo jambo ambalo vivuko vya magari ulimwenguni kote hupotelea kwalo. Alijua kumwambia tajiri mwenye haraka, "Hutapanda safari hii, ngoja ijayo." Wandamba walisafiri kwa mitumbwi katika bonde hili kabla ya boma la kwanza kujengwa, na walijua ya kwamba mto hauna huruma kwa asiyeusoma. Je, kusoma huko si ubaharia hata kidogo? Je, thamani yake ni sifuri kamili?

Sisi ni watu wa hesabu, basi tuifanye hesabu. Tuchukue mfano tu, usio wa kivuko fulani. Pantoni yavuka mara 24 kwa siku, na kila safari ni dakika 10 majini. Hizo ni dakika 240, yaani saa 4 za mwendo, bila kuhesabu kupakia na kushusha. Kwa siku 300 za kazi ni saa 1,200 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni saa 12,000. Sasa tumtazame kijana aliye katika meli ya baharini, ashikaye zamu ya saa 8 kila siku kwa miezi 12 ya siku 30. Huyo hupata saa 2,880. Hatusemi kwamba saa ya mtoni ni sawa na saa ya bahari kuu. Lakini hata tukizikata saa za mtu wa mtoni tukachukua robo yake tu, zabaki 3,000. Yule wa 2,880 amefunguliwa mlango; huyu wa robo ya 3,000 aambiwa hajaanza. Karani gani angeipitisha hesabu ya namna hiyo katika kitabu cha hazina?

Wala tusidhani ya kwamba tunaomba jambo ambalo halijapata kusikiwa. Marekani ina mito mikubwa na maziwa makubwa, na huko leseni za manahodha wa vyombo vidogo hupangwa kwa tani na kwa maji. Atakaye leseni ya unahodha wa chombo kisichofika tani 100 kandokando ya pwani hutakiwa kuonyesha siku 720 za utumishi, na katika hizo siku 360 zaweza kuwa za mito na maziwa. Siku moja kwa kawaida ni saa 8 za kazi. Lakini kwa vyombo vilivyo chini ya tani 100 siku ya saa 4 yaweza kukubaliwa. Na ukubwa wa tani zitakazoandikwa katika leseni hufuata ukubwa wa vyombo alivyovitumikia mtu. Huko Ulaya nako, mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria juu ya vyeti vya watu wa vyombo vya mitoni, nayo ilianza kutumika Januari 2022. Humo kila mtu ana kitabu chake cha utumishi, na kila chombo kina kitabu cha safari, ili kimoja kishuhudie kingine. Watu hao hawakusema mto ni bahari. Wamesema tu ya kwamba mto ni mto, na una hesabu yake.

Basi tunasimama kati ya makundi mawili, nayo yote mawili twayapinga. Kundi la kwanza lasema, "Mpeni cheti, ni mzoefu." Hilo lataka kuua watu kwa upole. Kundi la pili lasema, "Mtu wa mtoni hana kitu." Hilo lataka kumwua mtu mmoja kwa sheria, nalo haliongezi usalama wa yeyote. Maana tutazame matokeo yake. Mahali ambapo muda wa kweli haukubaliwi, hapo ndipo muda wa uongo huuzwa. Mtu mwenye miaka 10 ya halali isiyo na thamani atashawishika kununua miezi 12 isiyo ya halali yenye thamani. Atatafuta barua ya chombo asichokipanda kamwe, iliyotiwa saini na nahodha asiyemjua, na kupigwa mhuri na mtu wa ofisini. Na huyo wa ofisini, ndugu zetu, si baharia. Ni karani.

Hapa twafika kwenye neno letu wenyewe. Ushahidi wa utumishi wa baharini hauna mwili isipokuwa karatasi. Mtu hawezi kuleta mawimbi mbele ya msimamizi wa mitihani akasema, "Tazama, haya niliyavuka." Huleta kitabu chake na barua ya ushuhuda, zenye jina la chombo, namba yake, tani zake, nguvu ya injini, cheo alichoshika, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha. Ikikosekana moja, muda huanguka. Nani huandika hayo? Ni sisi. Nani hutunza daftari la zamu lisiliwe na mchwa? Ni sisi. Kivuko kikifungwa na makaratasi yakatupwa katika sanduku lisilo na jina, nani alaumiwe? Baharia alifanya kazi yake majini; ikiwa kazi hiyo imefutika, haikufutwa na mto, ilifutwa ofisini.

Tena karani atiaye mhuri juu ya mwezi mmoja wa uongo asijidanganye kwamba amemsaidia mwenzake. Amewaibia wote wenye miezi ya kweli, kwa kuwa tangu siku hiyo kila barua ya kivukoni itatazamwa kwa jicho la shaka. Na amemweka usukani mtu asiyeujua. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Karatasi ya uongo yaweza kuzunguka ofisi zote, lakini mwisho wake hurejea chomboni, mahali walipokaa abiria. Na huenda mmoja wa abiria ni mtoto wa karani yule yule.

Kwa sababu hizo zote, twaweka maombi haya mbele ya Wanachama, yajadiliwe na yakikubaliwa yapelekwe kwa wakubwa wanaohusika:

1. Kila kivuko cha Serikali kiwe na daftari la watu, mbali na daftari la mafuta na nauli. Humo yaandikwe kila siku jina la aliyeshika usukani, cheo chake, saa alizofanya kazi majini, na jina la aliyemsimamia. Tani za chombo na nguvu ya injini ziandikwe juu ya ukurasa.

2. Mtumishi wa kivuko akihamishwa, akistaafu, au kivuko chake kikifungwa kwa sababu ya daraja, apewe barua ya ushuhuda kabla ya kuondoka, bila kuiomba mara mbili na bila kulipa hata senti moja.

3. Jedwali la kuhesabu utumishi wa mito na maziwa libandikwe wazi katika kila kivuko, kwa Kiswahili, ili mtu ajue leo miaka yake ina thamani gani, wala asingoje kuambiwa siku ya maombi. Nasi twapendekeza ya kwamba kwa vyombo vidogo vya pwani sehemu ya muda huo ihesabiwe, na kwa meli za tani 500 na zaidi mapatano ya mataifa yafuatwe bila kupunguzwa hata siku moja.

4. Fedha za kujenga daraja zinapopangwa, itengwe sehemu ndogo kwa watu wa kivuko kitakachofungwa, wapate kupelekwa katika vyombo vya baharini kuwa wanafunzi wa zamu, chini ya maofisa wenye vyeti, mpaka watimize muda unaopungua. Nchi iliyoweza kupata chuma na saruji ya mita 384 haiwezi kushindwa kuwapatia watu wachache vitanda katika meli.

5. Mtu yeyote, awe nahodha au karani, atakayethibitishwa kuandika muda wa uongo, ashtakiwe. Na Chama hiki kisimtetee.

Twajua ombi la tano litawaudhi wengine. Watasema Chama ni cha kuwatetea wanachama, si cha kuwashtaki. Sisi twajibu ya kwamba hatuna haki ya kuomba miaka ya kweli ihesabiwe, ikiwa sisi wenyewe tunaikubali miaka ya uongo. Mkono unaoomba haki na uwe safi kwanza.

Na kwa wale watakaosema kwamba mabaharia hawamo katika Chama chetu, basi shauri lao si letu, twawajibu hivi. Karani naye hupandishwa cheo kwa muda wa utumishi. Naye huhamishwa kutoka ofisi moja hata nyingine, na faili lake huchelewa njiani au hupotea, na miaka yake huulizwa kana kwamba hakuishi. Maumivu hayo twayajua; yamejaza kurasa nyingi za gazeti hili. Ikiwa twaona ni dhuluma karani kupoteza miaka miwili kwa sababu ya faili lililopotea, tutasemaje juu ya mtu anayepoteza kumi kwa sababu maji aliyoyatumikia hayakuwa na chumvi?

Basi mkutano ujao wa matawi ya bonde, kila tawi lije na jibu la swali hili moja: katika ofisi yenu, au katika kivuko kilichokuwa karibu nanyi, madaftari ya zamani yako wapi? Yaliyopo yatunzwe, yasipelekwe kuwashia moto. Wenye madaftari hayo wangali hai, na baadhi yao wangali na nguvu za kushika usukani. Ombi la kwanza kwa wakubwa litachukua muda. Lakini kufungua kabati na kupangusa vumbi hakuhitaji barua ya mtu yeyote.

Wasalaam,

Ni sisi makarani wenzenu,
Ifakara.